MAHALI PA KUSHIKA NA CHAKULA CHA MIZIZI: UKULIMA WA OKIDI NA VANILA KATIKA KOROGWE NA HANDENI

Hotuba ya Katibu kwa wanachama katika mkutano wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Siku hii chama chetu kikuu kinatimiza miaka 10. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za hesabu, maghala na mauzo, nami sitayarudia waliyoyasema. Kazi niliyoagizwa na Halmashauri ni ndogo zaidi, lakini ina fedha ndani yake, na penye fedha za wanachama hapana jambo dogo. Katika mikutano ya vyama vya msingi limeulizwa mara nyingi swali moja: je, chama kiwakopeshe wanachama wanaotaka kuotesha maua ya okidi na kulima vanila? Leo alasiri mtalipigia kura swali hilo. Kabla ya kura yafaa tujue tunachokipigia kura.

Bei peke yake haiwezi kutujibu. Yatubidi kwanza tujue mmea huu hukaa juu ya nini, hushika wapi, na mizizi yake hula nini. Mwanachama mmoja alinunua miche ya okidi kwa fedha nyingi, akaipanda katika udongo mweusi wa bondeni, akaushindilia vizuri kwa mikono yake, akaunywesha maji asubuhi na jioni. Mahindi yangalimshukuru sana. Okidi zilioza kabla ya mvua za masika kwisha. Mtu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alitumia elimu ya shamba la mahindi mahali palipotaka elimu nyingine. Hasara ya namna hiyo ikimpata mtu mmoja kwa fedha zake ni huzuni ya nyumba moja. Ikiwapata watu 100 kwa fedha za mkopo, ni deni la kila mmoja wetu aliyeketi hapa.

OKIDI NI MMEA WA NAMNA GANI

Jamaa ya okidi ni miongoni mwa jamaa kubwa kabisa za mimea ya maua duniani. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 25,000. Ziko okidi zinazoota ardhini, kama zile za uwanda wa Kitulo katika Nyanda za Juu Kusini, ambako hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 2005. Huko viazi vya baadhi ya okidi vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kuwa chakula kiitwacho chikanda. Lakini nyingi za okidi za nchi za joto hazikai ardhini. Hukaa juu ya miti.

Watu wengi wakiiona okidi juu ya mti hudhani kwamba inaunyonya mti ule kama kupe anavyomnyonya ng'ombe. Sivyo hata kidogo. Mti kwake ni mahali pa kuketi tu. Chakula chake hutoka katika maji ya mvua yanayoteremka juu ya gome, katika vumbi, katika majani yaliyooza penye panda za matawi, na katika kinyesi cha ndege na wadudu. Kwa hiyo mizizi yake imeumbwa kwa maisha hayo. Kila mzizi umevikwa gamba jeupe, laini, lenye vitundu vingi kama sponji. Mvua ikinyesha, gamba hilo hufyonza maji mara moja, na mzizi hugeuka rangi ukawa wa kijani. Mvua ikikatika, upepo huukausha, nao hurudia weupe wake. Mzizi huo wataka vitu viwili kwa zamu: maji, kisha hewa. Ukiufunika kwa udongo ulioshikamana umeuletea maji ukaunyima hewa. Hapo kuvu huingia, na mzizi huoza.

Kwetu yupo mwalimu mzuri wa jambo hili. Katika miti mikubwa ya nchi za pwani na za bara kavu huota okidi iitwayo anselia, ambayo maua yake ya manjano yana madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui. Ilipewa jina la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeiona katika kisiwa cha Fernando Po mwaka 1841. Anselia ina mizizi ya namna mbili. Mingine hushika gome la mti. Mingine husimama wima kama sindano, ikafanya kitu kama kikapu kuzunguka shina, na majani makavu yaangukayo kutoka juu hunaswa humo, yakaoza polepole, yakawa chakula. Anselia hujitengenezea chombo chake yenyewe. Mtu akitaka kujua okidi yataka kuwekwa katika nini, na autazame mmea huo: kitu chepesi, chenye nafasi nyingi ndani yake, kisichoshikamana, kinacholoa upesi na kukauka upesi.

MAMBO 3 YA KUPIMA

Kabla mkulima hajachagua chombo wala cha kutia ndani yake, na apime mambo 3.

Kwanza, mizizi. Okidi yenye mizizi minene, kama vanda, yataka hewa nyingi sana. Yaweza hata kuning'inizwa katika kitundu cha vijiti pasipo kutiwa kitu. Yenye mizizi myembamba, kama dendrobiamu nyingi, yavumilia kitu kinachoshika unyevu kidogo zaidi.

Pili, hewa ya mahali. Ukungu wa asubuhi wa Bungu na Vugiri si sawa na upepo mkavu wa Sindeni na Kwamatuku. Kifaacho milimani chaweza kuua uwandani, na cha uwandani chaweza kuozesha milimani.

Tatu, mkono unaomwagia maji. Kama nyumbani yupo mtu wa kunyunyizia kila asubuhi, unaweza kuifunga okidi juu ya kipande cha mti bila chombo. Kama watu wote huenda shamba tangu alfajiri hata jioni, ipe chombo kinachotunza unyevu wa siku mbili au tatu. Jambo hili husahauliwa, nalo ndilo huharibu miche mingi kuliko wadudu.

VITU TULIVYO NAVYO

Wako wafanyabiashara wanaowauzia watu mifuko ya mchanganyiko uliotoka mbali kwa bei kubwa. Sisemi kwamba mchanganyiko huo ni mbaya. Nasema kwamba hatuna haja ya kuagiza kutoka ng'ambo vitu ambavyo twavitupa jalalani. Hebu tuvitazame kimoja kimoja.

Makumbi ya nazi. Tanga ni nchi ya minazi, na makumbi ni mengi. Yakikatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, hushika maji ndani na kupitisha hewa kati yake. Lakini yana chumvi na maji mekundu ambayo huichoma mizizi. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, urudie mara 3 mpaka maji yatoke meupe. Vumbi la makumbi lililo laini lisitumiwe peke yake, kwa maana hushikamana kama matope.

Chenga za mkaa. Handeni kwa miaka mingi imetoa mkaa unaopikia miji mikubwa, na penye magunia ya mkaa daima hubaki chenga. Mkaa hauozi upesi, ni mwepesi, na una vitundu vingi. Uchekeche uondoe vumbi, uuoshe, utumie vipande vya ukubwa wa punje ya mhindi hata ukubwa wa yai dogo. Natumaini hapana atakayekata mti ili apate mkaa wa maua. Chenga zilizobaki zatosha.

Vigae vya vyungu na matofali yaliyovunjika. Hivi haviozi kamwe. Huwekwa chini ya chungu ili maji yapite, na vidogo huchanganywa na vingine ili kuzuia kushikamana. Vigae vyenye saruji au chokaa viachwe.

Magome ya miti. Wakulima wa Ulaya na Marekani hutumia sana magome ya misonobari yaliyokatwakatwa. Kwetu yanapatikana penye viwanda vya mbao. Magome mabichi yaachwe kwanza yakae miezi kadhaa mvuani, utomvu utoke.

Pumba za mpunga. Katika skimu ya Mombo ziko tele. Hupitisha maji vizuri, lakini huoza baada ya muda na kuziba. Sehemu 1 katika 10 haina ubaya. Nusu kwa nusu ni hatari.

Makapi ya mkonge. Swali hili huulizwa kila mara, maana Ngombezi, Magunga na Hale zina makapi mengi kuliko pengine popote. Makapi mabichi ni makali, yana asidi, na huchacha. Yasitumiwe yakiwa mabichi. Yakilazwa katika shimo, yakageuzwa, yakaoza hata yakawa meusi na kupoteza harufu, hufaa kuwa matandazo ya vanila, ambayo nitaieleza baadaye. Katika chungu cha okidi ya juu ya mti hayafai, kwa maana hushika maji mno.

Mna njia rahisi ya kupima mchanganyiko wowote. Ujaze ndani ya chungu, umwagie kopo zima la maji, na utazame chini. Maji yakipita mara moja na chungu kikabaki kizito kidogo tu, umefaulu. Maji yakisimama juu hata ukahesabu 10, urudi ukaongeze mkaa na vigae.

VYOMBO NA MAEGEMEO

Chungu cha udongo hufaa sana kwa kuwa kuta zake hupumua. Kitobolewe matundu chini na ubavuni. Ndoo na makopo ya plastiki hufaa penye ukame, lakini yataka matundu mengi zaidi. Kifuu cha nazi kilichotobolewa chatosha mche mdogo. Kitundu cha vijiti vilivyofungwa kwa kamba hufaa okidi zenye mizizi minene.

Mwenye kutaka kuifunga okidi juu ya mti au ubao na achague mti wenye gome gumu lenye mikwaruzo, lisilobanduka. Mwembe ni mzuri, na mkwaju vivyo hivyo. Mpera na mkaratusi hazifai, kwa sababu hujivua magome. Okidi ikishashika, gome huanguka nayo. Vigogo vilivyookotwa pwani vina chumvi. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa zina sumu, na waya wa shaba vilevile huidhuru mizizi. Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi na mizizi huushika vizuri, lakini hauishi miaka mingi. Kamba bora ya kufungia ni ile ile tunayoisokota wenyewe, kamba ya mkonge: huoza polepole, na kwa kawaida wakati inapokatika, mizizi imekwisha kujishikiza yenyewe.

Basi, kwa kila mahali napendekeza hivi. Milimani, katika Bungu, Vugiri na Dindira, ifungwe juu ya miti, au itiwe katika chungu chenye sehemu 3 za mkaa, sehemu 2 za magome na sehemu 1 ya makumbi. Katika tambarare za Korogwe, Hale na Mnyuzi, sehemu 2 za makumbi, sehemu 2 za mkaa, sehemu 1 ya vigae. Katika Handeni, sehemu 3 za makumbi, sehemu 1 ya mkaa, sehemu 1 ya vigae, katika chombo cha plastiki, chini ya kivuli cha mwembe kinachozuia upepo. Watu wa Handeni wanaijua thamani ya maji kuliko mimi. Na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora kwa okidi kuliko maji ya kisima chenye chumvi. Mchanganyiko wa makumbi na magome ubadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, kwa maana huoza ukawa udongo, nasi tumekwisha kuona udongo hufanya nini.

Neno moja juu ya mbegu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na haina chakula ndani yake. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba porini haioti ila ikisaidiwa na kuvu maalumu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson aliiotesha bila kuvu, katika chupa zenye sukari na madini, katika maabara. Kwa hiyo mtu akija kijijini kuwauzia mbegu za okidi za kupanda kitaluni, msimpe hata shilingi moja. Okidi huongezwa kwa kugawa mashina, au hununuliwa miche iliyotoka maabara.

VANILA, OKIDI YA MKULIMA

Sasa naja kwenye vanila, ambayo ndiyo hasa imewavuta wengi. Yapo watu wasiojua kwamba vanila nayo ni okidi. Asili yake ni Mexico. Nasi tunaye ndugu yake wa porini, asiye na majani, mwenye maua meupe, anayetambaa katika vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania. Lakini huyo hazai viungo vya biashara. Vanila ya biashara hulimwa Kagera, hulimwa Uganda, na zaidi ya nchi zote hulimwa Madagaska.

Vanila haikai chunguni. Shina lake hupanda mti, na mizizi yake ni ya namna mbili: mingine hushika mti wa kuegemea, mingine hutambaa ndani ya matandazo juu tu ya ardhi. Kwa hiyo mkulima wa vanila ana mambo mawili ya kuchagua, egemeo na matandazo, na kosa katika moja huharibu yote mawili.

Egemeo liwe mti ulio hai. Nguzo kavu huliwa na mchwa. Vanila huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, na nguzo nyingi huanguka wakati huo huo mkulima anapotazamia mavuno ya kwanza. Mti huo upandwe miezi 6 hata 12 kabla ya marando ya vanila, ili uwe na nguvu ya kubeba na kivuli cha kufunika. Mbono na mgliricidia hutumika sana, huota upesi kwa vijiti, na hukatwa matawi kwa urahisi. Kasoro yao ni kwamba hupukutisha majani wakati wa kiangazi, jua likaichoma vanila; kwa hiyo wachanganywe na miti yenye kivuli cha kudumu. Masale, ambayo wengi wetu tunayaona kuwa ya mipaka tu, yaweza pia kubeba vanila. Kivuli kiwe nusu kwa nusu: ukitazama chini uone vipande vya jua na vya kivuli vikilingana.

Matandazo yawe majani makavu, makumbi yaliyokatwa, au makapi ya mkonge yaliyooza kabisa. Yasikusanyike kwa kushikamana na shina. Na jembe lisiingie kamwe chini ya vanila. Mizizi yake iko juu sana. Ukiikata kwa jembe umefungua mlango kwa kuvu iitwayo fusariamu, ambayo huozesha mizizi na hukaa udongoni muda mrefu. Magugu yang'olewe kwa mkono. Mahali panaposimama maji pasipandwe vanila hata kama bei yake ni dhahabu.

Rando likifika mahali pasipofikiwa na mkono, hulegezwa na kuteremshwa tena, likazungushwa. Likiguswa na matandazo hutoa mizizi mipya, na kuteremshwa huko husaidia kuleta maua. Ua huchanua asubuhi ya siku moja tu. Huku kwetu hapana mdudu wa kulichavusha; hapana budi mkono wa mtu ufanye kazi hiyo kwa kijiti chembamba. Ufundi huo uligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, ambaye baadaye aliitwa Edmond Albius. Kazi ya vanila katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilisimama juu ya vidole vya mtoto huyo. Alipata uhuru mwaka 1848, utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Ufaransa, naye akafa maskini mwaka 1880. Mtu alikuwa na ujuzi lakini hakuwa na chama. Nadhani hapana mfano utakaotueleza vizuri zaidi kwa nini tuliungana.

Baada ya ua, maganda hukaa mtini miezi 8 au 9. Yakivunwa mabichi kabla ya wakati kwa kuogopa wezi, hayatoi harufu na hayana bei. Kisha hukaushwa na kuatamishwa kwa wiki nyingi. Kilo 5 au 6 za maganda mabichi hutoa kilo 1 tu ya vanila iliyo tayari.

Na bei je? Mwaka 2000 kimbunga Hudah kiliipiga Madagaska, na bei ikapanda hata mwaka 2003 ikapita dola 400 kwa kilo. Watu wa nchi nyingi wakakimbilia kupanda. Ilipofika mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 100. Mwaka 2017 kimbunga Enawo kikapiga tena, bei ikapaa tena, wizi wa mashambani ukaenea, kisha ikateremka. Mwaka 2020 serikali ya Madagaska iliweka bei ya chini ya dola 250 kwa kilo za kupelekwa nje. Mwaka 2023 ikaiondoa. Bei ya vanila hufuata upepo wa Madagaska. Apandaye wakati bei iko juu huvuna baada ya miaka 3, wakati wengine wote nao wanavuna.

MSITU SI DUKA

Kuna jambo jingine ambalo sina budi kulisema wazi. Nimesikia kwamba vijana wamelipwa kupanda milimani kubandua okidi juu ya miti na kukata mashina ya mikangaga mikubwa, ambayo nyuzi zake hutumiwa kufungia okidi. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na ambao Tanzania iliingia mwaka 1979, unazihesabu okidi zote kuwa mali isiyouzwa nje bila kibali. Sheria yetu ya Misitu ya mwaka 2002 nayo haimruhusu mtu kuchukua mazao ya msitu wa hifadhi apendavyo. Isitoshe, okidi iliyobanduliwa mtini huacha nusu ya mizizi yake juu ya gome, na nyingi hufa mikononi mwa mnunuzi.

Wazee wangu, historia ya mkoa huu ina somo. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala katika Tanga, alitwaa ua dogo la zambarau katika nchi hii akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata lilipewa jina lake, nalo likawa ua la vyunguni katika nyumba za dunia nzima. Wajerumani hata leo huliita urujuani wa Usambara. Katika mwaka huo huo wa 1893, Richard Hindorf aliingiza mkonge kutoka Florida: kati ya vichipukizi 1,000 vilivyonunuliwa vilifika hai 62 tu, na kwa hivyo 62 Korogwe yetu ikafunikwa na mashamba ya mkonge. Katika muda wa miaka 2 mmea mmoja ulitoka nchini na mwingine ukaingia. Katika yote mawili mkulima wa hapa hakuulizwa neno, wala hesabu ya faida haikufanywa mbele yake. Leo hesabu yafanywa mbele yetu. Tusiwe sisi wenyewe wa kuuza kwa bei ya soda kitu ambacho watoto wetu watakiulizia.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, Halmashauri yaweka mbele ya mkutano mapendekezo 5.

Kwanza, chama kisitoe mkopo wa marando ya vanila ila kwa mwanachama ambaye miti yake ya kuegemea imekwisha kushika na matandazo yake yamekaguliwa na kamati ya chama chake cha msingi. Mkopo ufuate egemeo. Egemeo lisingojee mkopo.

Pili, vanila ipandwe milimani na penye unyevu wa kutosha. Handeni isikopeshwe vanila. Najua neno hili litawauma baadhi ya ndugu zangu wa Handeni waliokwisha kusikia habari za bei. Lakini kumkopesha mtu fedha za mmea usiopenda ardhi yake ni kumuuzia deni. Handeni ianze na okidi za vyunguni kwa uchache, zile zinazovumilia joto, na chama kiwatafutie soko la hoteli na maduka ya maua kabla hawajaongeza.

Tatu, hapana mwanachama atakayelima vanila katika eneo lililopita robo eka katika miaka 3 ya kwanza. Mahindi, muhogo na maharage vibaki mahali pake. Vanila haisongwi ugali.

Nne, chama kisinunue wala kisipokee mmea wowote uliotoka msituni. Na atakayeleta mmea huo asikopeshwe.

Tano, vifanywe vitalu 2 vya mfano, kimoja milimani Korogwe na kimoja Handeni, ambako mchanganyiko nilioutaja utajaribiwa mbele ya macho yenu, kila chungu kikiandikwa kilichomo. Baada ya mwaka 1 tutajua ni upi ufaao, wala hatutaamini maneno ya katibu wala ya mchuuzi.

Wapo watakaosema kwamba mapendekezo haya ni ya woga, na kwamba wakati sisi tunapima makumbi, wengine wanatajirika. Nawaheshimu wasemao hivyo. Lakini kitabu cha madeni cha chama hiki kiko mezani kwangu kila siku, na najua kwamba mwanachama hashindwi kulipa kwa sababu ya ubaya; mara nyingi hushindwa kwa sababu alianza na mche kabla ya mahali pa kuuweka. Miaka 10 hii chama kimesimama kwa kuwa waasisi wake walijenga ghala kwanza ndipo wakakusanya mazao. Nawaombeni mlitumie desturi yao hiyo hiyo mtakapopiga kura.

Wasichana na wavulana wetu waliomaliza shule na kurudi nyumbani wanaweza kuanza kesho asubuhi bila mkopo wowote: makumbi yapo, chenga zipo, vigae vipo, na kuotesha vijiti vya mbono hakutaki fedha. Atakayekuwa amekwisha kuandaa hivyo, kamati itamkuta tayari.

Idumu kazi ya ushirika.